Pepo Aliyeomba Chaki

Zahanati, Samburu
28 Novemba 1963

Mwanaima,

Hujambo? Mimi sijambo, ila vumbi. Malori hupita mchana kutwa, na mbuzi wa mnadani hulala mlangoni petu kana kwamba nao wamekuja kudungwa sindano.

Nina ombi. Lisome mpaka mwisho kabla hujakunja uso. Baba yangu, kama ujuavyo, amekuwa mpishi wa hoteli hapo Diani tangu sijaota meno. Kila Krismasi huwapikia wageni bata na keki zenye sukari nyeupe kama chokaa, akarudi nyumbani sikukuu imekwisha na sisi tumelala. Mwaka huu wageni wameogopa Uhuru, vyumba ni vitupu, na wamempa likizo. Nataka akae kitini kama mgeni, aletewe. Asiguse hata mwiko. Mama hawezi kupika. Amejifungua majuzi, msichana, na hajatoka arobaini. Mimi nitaachiliwa mkesha wa sikukuu. Umebaki wewe, na shule yenu inafungwa mapema.

Tena sitaki Krismasi ya hivi hivi. Nataka ya kitabu chetu, kile cha shuleni kisicho na jalada. Nimemsimulia mdogo wangu Mbeyu likizo zote, anakijua kuliko Baba Yetu. Anataka nyumba iwe ile nchi ya chini ya kisima: milango mitatu, mweusi, mweupe na mwekundu, mti katikati, sinia la malkia lenye mayai na marashi, na ile mikate midogo wanayopewa wale wadogo wakaao mizizini, ili msafiri apite. Wewe una mkono wa kupamba, na mkate wa mayai umefundishwa na shangazi yako, ambaye hata Baba humsifu, naye hamsifu mpishi yeyote.

Na bado nasema yule binti aliruhusiwa.

Wako,
Kadzo


Msambweni
4 Desemba 1963

Kadzo,

Barua yako imefika na vumbi lake. Nitakuja. Shangazi Mwanasiti amekubali, kwa kuwa kuna mzazi nyumbani na mzazi ni wa kusaidiwa, Mkristo au Mwislamu. Kuhusu Krismasi alisema kila watu na sikukuu yao.

Nimekuwa nikikifikiria kile kitabu. Kurasa za mwisho zimechanika pale binti anaposimama mbele ya mlango wa tatu na kumwomba mfalme ruhusa ya kwenda zake. Tuligombana muhula mzima. Wewe ulisema aliruhusiwa. Mimi nilisema mfalme hakumsikia. Sina sababu ya kubadili.

Nina habari yangu pia, nitaisema kwa ufupi. Nimepata nafasi katika chuo cha ualimu Nairobi, kuanzia Januari. Ami Athmani, ndugu mkubwa wa marehemu baba, amekataa. Mimi sikumwomba mwenyewe. Unajua kwetu mtoto wa kike hamwelezi ami yake jambo kama hilo. Nilimwambia Shangazi, Shangazi akashika njia mpaka Bodo akamwambia, akasema hapana, na hapana ikanirudia kwa njia ile ile. Shangazi mwenyewe, nikimwuliza yeye anaonaje, hujibu neno moja: tutatazama.

Naweza kuondoka bila radhi yao. Basi hupita hapa kila siku. Lakini aliyeondoka bila radhi akipata homa ndogo tu, mji mzima utajua sababu. Na mimi pia nitajua, hapo ndipo penye shida. Nimesoma sayansi na bado nitajua.

Jambo moja la lugha. Wale wadogo wa mizizini tuwaite nani mbele ya Mbeyu? Mwalimu wetu aliwaita malaika wadogo, kisha akajikosoa. Nitawaita pepo. Ndilo neno lililo karibu zaidi. Najua lina mambo yake huku kwetu, lakini nyumba yenu ni ya Kikristo.

Nisalimie mbuzi.

Mwanaima


Diani
20 Desemba 1963

Kadzo,

Nyumba yenu imekuwa nchi ya chini ya kisima, kwa kadiri nilivyoweza.

Nilianza na nguo. Mweusi ni kaniki, mweupe ni bafta, mwekundu ni bendera. Nilipomwambia mwenye duka Ukunda kwamba nataka bendera, aliniuliza, "Ya zamani au mpya?" Watu wote dukani wakacheka. Tangu Uhuru neno hilo limeingia kazi nyingine, na ile nguo nyekundu ya siku zote imebaki bila jina lake. Nimezitundika katika milango mitatu ya ndani, zimefika chini. Mama yako anapopita ule mweusi kwenda msalani hufunika uso wa mtoto.

Mti ni tawi la mvinje, refu kunishinda, limesimama katika debe la mchanga. Nimelifunga vipande vya nguo zile tatu. Mbeyu ameongeza maganda ya kaa na simbi, na kila simbi ameipa jina la mtu wa kitabuni. Chini ya mti pana sinia la shaba tuliloazima kwa jirani: mayai, chupa ya marashi, zabibu, na chetezo kidogo cha udi kwa sababu malkia alifukizwa. Nilisoma upya ukurasa ule kichwani ili nisikosee.

Mikate ya wadogo nimeifanya vileja, unga wa mchele, samli na hiliki. Nilivikata nyota, mwezi na kitu ambacho Mbeyu anasema ni mlango. Havikunipa taabu. Mkate wa mayai ndio ulionitesa. Nilipiga mayai mpaka bega likafa ganzi, nikapalia makaa juu na chini kama Shangazi, lakini makaa ya juu yalizidi, na ulipofunuliwa ulikuwa na ngozi ya kobe. Baba yako alikuwa ameketi uani, mikono amekunja kama ulivyoagiza. Akauliza kwa upole kama huyo ndiye mfalme au ni mmoja wa wafungwa wake. Nikamwambia wageni hawaulizi mambo ya jikoni. Akasema katika maisha yake yote hajapata kumwona mgeni asiyeuliza. Wa pili uliumuka. Wa tatu nitauoka mkesha.

Mbeyu huniamsha akiuliza pepo watafika lini. Namwambia Jumatano. Ameridhika. Mtoto akipewa siku huridhika.

Unaniuliza moyoni, najua, kuhusu chuo. Hakuna jipya. Ninapotundika nguo sifikirii kitu, na hiyo ni faida.

Mwanaima


Msambweni
Jumapili 4 Shaaban

Kwa mwanangu mpenzi Mwanaima binti Boga, salamu nyingi. Ama baada ya salamu, sisi wazima, tunamshukuru Mola.

Jana nilikuja Diani kumzuru mzazi na kukuletea samli, nikaambiwa umekwenda Ukunda kutafuta sukari. Nilikaa. Yule mtoto Mbeyu alinishika mkono akanizungusha nyumba nzima. Niliona kaniki. Niliona bafta na bendera. Niliona mti umefungwa matambara, na sinia la shaba, mayai, marashi, udi unafuka. Nikamwuliza mtoto, mwanangu, hivi ni vya nani? Akanijibu, "Ni vya pepo. Wanakuja Jumatano. Dada Mwanaima amewaandalia, maana wasipopewa hawamwachi mtu apite."

Nilikunywa chai, nikampa mzazi mkono, nikaondoka.

Mwanangu, kwa nini hukuniambia? Mimi ndimi niliyekulea. Kule kukaa peke yako na kitabu, ule unyamavu, kula kidogo, macho mbali: nilidhani ni masomo. Kumbe una mtu kichwani. Usione haya, si wewe wa kwanza katika ukoo huu.

Ami yako Athmani amekuja leo toka Bodo, nimemweleza niliyoyaona. Ameshtuka sana. Amesema sinia hilo limepangwa kama lipasavyo kupangiwa pepo, na wewe hujafundishwa na mtu, basi nani kakufundisha?

Pepo hapandi bure, kuna kitu anakitaka. Tulia, mwulize, kisha uniandikie kwa hati yangu ya Kiarabu niisome mwenyewe: anataka nini? Ami yako anangoja.

Wako mzazi,
Mwanasiti binti Jumbe


Diani
23 Desemba 1963

Kwa Shangazi yangu mpenzi, shikamoo. Namwamkia na Ami Athmani.

Barua yako imefika. Nimeisoma mara nyingi, na nimeona kwamba jibu unaloningoja niliandike ni rahisi sana. Kwa hiyo naandika jingine.

Sina pepo. Nguo zile na sinia lile ni pambo la Krismasi ya akina Kadzo, nami nimelitoa katika kitabu cha Kizungu cha hadithi za uongo tulichokisoma shuleni. Wale ninaowaita pepo ni watu wadogo wa hadithini, na neno hilo nililichagua mimi kwa kukosa jingine. Kwamba mwandishi wa Kizungu alitaja rangi tatu na udi na mayai, na kwamba vikitandikwa Diani vinakuwa maandalizi ya pepo ambayo kila mtu wa kwetu anayajua, hilo sikuliona. Ningepaswa kuliona. Nilikuwa natazama kitabu.

Ninachokitaka mimi unakijua tangu mwezi uliopita. Nataka kwenda Nairobi kusoma ualimu. Anayetaka ni mimi. Naomba radhi yako na ya Ami kwa jina langu, na mkikataa, mnikatalie mimi.

Samli imefika. Mkate wa kesho utakuwa wako.

Mwanao,
Mwanaima


Zahanati, Samburu
29 Desemba 1963

Mwanaima,

Nimerudi kwa mbuzi wangu, nikiwa na vileja sita vya mwezi katika kopo. Muuguzi mkuu amekula kimoja akauliza ni dawa ya nini.

Sijapata kukushukuru vizuri kwa ile siku. Nilimtazama Baba kuliko nilivyokula. Umeona alivyokaa? Kiuno wima, kama anapigwa picha. Aliponyanyuka kwenda kuchungulia jiko, Mbeyu akamwambia pepo hawampendi mtu asiyetulia, akakaa. Kisha ukamletea mkate wa mayai kwenye sahani, ukaweka uma upande wa kushoto, naye akausogeza kulia, akaurudisha, asijue mgeni hufanyaje. Alikata kipande. "Hiki hakijijui kama ni keki au ni mkate," akasema, "lakini niongeze." Mama alikuwa amesimama na mtoto katika mlango mwekundu. Alisema huyu mtu amewalisha watu miaka yote hiyo na yeye hajawahi kumwona akitafuna. Basi tukacheka, na Baba akaendelea kutafuna, akilengwalengwa na machozi, akasema ni hiliki.

Sasa nikugombeze. Uliponiambia jioni ile, tukiosha vyombo, kwamba umemwandikia Shangazi ukweli, nilinyamaza kwa sababu ya Baba. Hapa hayupo. Mwanaima, wewe umesoma mpaka umeharibika. Mlango umefunguka wenyewe, mfalme amesimama kando, na wewe unagonga ili uombe ruhusa upya kwa adabu. Ungeandika mstari mmoja tu: anataka Nairobi. Pepo asiyekuwapo angedhurika nini? Unataka kwenda, au unataka kusikiwa? Chagua.

Niandikie hata kama umekasirika.

Kadzo


Msambweni
Jumanne 13 Shaaban

Kwa mwanangu Mwanaima, salamu. Ama baada.

Barua yako ilifika siku ile ile Ami yako alipokuja tena. Alikaa barazani, nikampa kahawa, akaniambia nisome kwa sauti. Nikasoma.

Macho yangu siku hizi yana ukungu, na wino wako ni mwepesi, huenda niliruka mstari mmoja au miwili. Aliyoyasikia Ami yako ni kwamba pepo huyu si wa pwani, ni wa bara, na hataki kanga wala pete. Anataka kwenda Nairobi. Anataka vitabu, ubao na chaki, na akinyimwa atamkausha mtoto mpaka abaki mfupa. Ami yako alimaliza kahawa yake. Akasema, "Mtu hashindani na pepo." Kisha akasema upungwe pepo kabla ya mfungo, Shaaban isikatike, na ukipungwa uondoke.

Umeniandikia kwamba huna kitu. Mimi nimepungwa mara mbili katika umri wangu. Ya kwanza nilipewa ruhusa ya kumwona mama yangu Vanga, baada ya mume wangu kunikatalia mwaka mzima. Ya pili nilipewa chumba cha peke yangu. Pepo nimewaona wengi. Wako ndiye wa kwanza kuomba chaki.

Radhi yangu unayo, wewe, kwa jina lako. Ulikuwa nayo tangu siku ile uliponieleza. Lakini radhi ya mwanamke haipandi basi peke yake, ndiyo maana nikasema tutatazama.

Utakaa chini ya nguo alasiri moja. Mganga ni Bi Mwanafatuma, hana ukali. Atauliza jina la pepo, maana bila jina hawezi kuzungumza naye, kisha atauliza anataka nini. Hayo ya kujibu ni yako, siwezi kukufundisha. Ukiona huwezi, sema sasa.

Mkate umefika salama. Makaa ya juu yalizidi kidogo.

Mwanasiti


Nairobi
27 Januari 1964

Kadzo,

Huku ni baridi, nami nimefunga. Tuko Waislamu wawili bwenini, tunafungua kwa chai na mkate mkavu. Sijakasirika nawe. Uliniuliza swali na nilitaka kulijibu nikiwa na jibu.

Nilirudi Msambweni Mama yako alipotoka arobaini. Shangazi hakusema kitu juu ya barua zetu, mimi pia sikusema. Tulipika pamoja. Siku ya siku walinikalisha mkekani katika chumba cha ndani, wakanifunika kaniki. Zile nguo zilikuwa zako, Kadzo. Shangazi alikuwa amezifuata Diani, akasema zimekwisha kuzoeana nami. Sinia lilikuwa jingine lakini nilijua kila kitu kilipo, kwa sababu nilikuwa nimelipanga mwenyewe wiki chache nyuma kutoka kitabuni: mayai, marashi, udi. Hapo mtu angecheka. Sikucheka. Chini ya kaniki pana joto, harufu ya udi inakuwa nzito, na ngoma husikika kama inapigwa ndani ya nguo. Niliwaza kwa utulivu kwamba sasa nitaanza kuamini, nikangoja, wala sikuamini. Lakini sikuwa na hofu ya kuwa pale, na hilo lilinishangaza zaidi.

Bi Mwanafatuma akainama. "Hodi," akasema. "Tumekuandalia, tumekufukiza. Nani jina lako?"

Nilikuwa nimejiandalia jina. Nilitunga kadhaa usiku uliotangulia, ya Kizungu, mengine ya kile kitabu. Nilipofungua mdomo nilisema, "Mwanaima binti Boga."

Ngoma ikakatika. Nikasikia Ami Athmani, aliyeketi nje ya mlango, akimwuliza Shangazi amesemaje. Shangazi akamwambia, "Amejitaja kwa jina la mtoto." Wanawake wakanong'ona. Mmoja akasema huyo ni mkali, akimvaa mtu huvaa mpaka jina.

"Na unataka nini?" akauliza mganga.

Nikasema nataka kwenda Nairobi kusoma ualimu, na ninamwomba Ami Athmani ruhusa. Sikubadili sauti. Ilikuwa ndiyo mara ya kwanza katika maisha yangu kumwambia neno hilo mwenyewe, pazia la kaniki likiwa kati yetu, naye alinisikia kila neno.

"Tumesikia," akasema Ami. "Enda. Hatukuzuii."

Kwa hiyo, Kadzo, nimekwisha kujibu swali lako. Nilitaka vyote viwili. Nimepata kwenda. Cha pili, kusikiwa, nimekipata pia, ila hakikuandikwa jina langu, ingawa jina nililitaja.

Siku ya kuondoka Ami alikuja kituoni pamoja na Shangazi. Shangazi alinipa vileja vimefungwa katika kipande cha ile bafta, akanisomea dua, akaniweka mkono kichwani. Ami alisimama mbali kidogo. Watu walipoanza kupanda alinikaribia. Nikafungua kinywa nimwamkie, akaniwahi. Mzee yule, Kadzo, ndugu mkubwa wa baba yangu, alivua kofia yake, akainamisha kichwa, akasema, "Shikamoo."

Nilimtazama Shangazi. Alikuwa akitazama barabara.

Kutoitikia ni utovu wa adabu. Nikasema, "Marahaba."

"Ukimaliza haja zako huko," akaniambia Ami taratibu, "turudishie mtoto wetu."

Mwanaima